Mtambo wa upepo wa nyumbani na rangi ya "kuzuia barafu": nimekaa navyo majira mawili ya baridi, maoni yangu haya hapa

Wadau habari zenu. Niliahidi kitambo kwamba ntaandika kuhusu huu mtambo wangu wa upepo na kila nikikaa kuandika naishia kukasirika nafunga laptop, sasa leo nimetulia, chai ipo mezani, nje hasi 14, mtambo wenyewe umesimama kule uani kama mnazi uliokatwa kichwa, acha tuongee.

Kwanza mjue naongea nikiwa upande gani. Kwetu Makete, Tanzania, sa hizi nipo mwaka wa tisa kaskazini ya Sweden, huku porini kidogo ukitoka Piteå, na kazi yangu ya kila siku ni fundi wa mitambo mikubwa ya upepo, ile ya kupanda mnara mita mia na ushee umebeba spana kiunoni. Kwaiyo mtu asije akaniambia sijui kusoma kijitabu cha maelekezo. Kampuni iliyoniuzia siitaji hapa, ugomvi wetu tunaumaliza wenyewe, na isitoshe hii mitambo midogo ya mtandaoni mingi ni ndugu wa tumbo moja, wanabadilisha stika tu.

Nilichonunua ni mtambo wa wati 1500, mapanga matatu ya faibaglasi, kipenyo mita 3, jenereta ya sumaku, kontrola ya chaji, na mnara wa mita 12 ambao unalazwa na kusimamishwa kwa winchi ya mkono. Vyote pamoja na usafiri krona 21,000. Alafu wakati nalipa ikanitokea ile "wateja wengine pia walichukua", kopo la nusu lita la rangi ya kuzuia barafu, krona 1,900, maelezo yake yanasema ukipaka kwenye mapanga barafu haishiki, kwaheri shida za baridi. Mimi fundi mzima, nayajua haya mambo, na bado nikabonyeza. Mke wangu mpaka leo hajanisamehe.

Mzigo ulikuja ndani ya wiki tatu, umefungwa vizuri, boliti zote zipo (hapo nawapa haki yao, si kawaida). Kufunga kulinichukua wikendi mbili mimi na jirani yangu mmoja mzee wa miaka 78 ambaye hataki kuambiwa apumzike. Winchi ni nzuri kwelikweli. Kontrola ina kioo kidogo kinakuonyesha wati, volti na kasi ya upepo, rahisi, hata binti yangu Neema anakisoma. Majira ya joto yakapita safi, sina lalamiko. Upepo wa mita 8 kwa sekunde napata wati 450 hivi, mita 6 napata 200 na kidogo, ile 1500 waliyoandika kwenye boksi inatokea upepo ukifika mita 12 na hiyo huku kwangu ni siku za kuhesabu kwa vidole. Hilo sio uongo wao, ndivyo upepo ulivyo, ukiongezeka kasi mara mbili nguvu iliyomo inaongezeka mara nane, kwaiyo na ukipungua kidogo tu unashangaa namba imeporomoka.

Na kwa hesabu za karatasini majira ya baridi ndo yalitakiwa kuwa ya mavuno. Huku upepo unakuwa mkali zaidi kuanzia Novemba, alafu hewa ya baridi ni nzito, hewa ya hasi 20 ina uzito kama asilimia 15 zaidi kuliko ya nyuzi 20 za joto, yani upepo uleule unasukuma panga kwa nguvu zaidi. Na jua ndo hakuna, Desemba Piteå jua linachungulia masaa matatu na nusu hivi, saa nane mchana umeshawasha taa, sola zangu zinalala usingizi wa pono. Kwaiyo mtambo ndo ulikuwa mshahara wangu wa Desemba. Nilikuwa nimepanga mpaka friza ya nyama iwe inakula umeme wa bure.

Sasa Novemba ya kwanza. Jioni moja ukungu ukapanda kutoka mtoni, hasi 3, upepo mita 8, kila kitu shwari, nakwenda kulala kioo kinasoma 440. Saa kumi na moja alfajiri Mama Neema ananisukuma, "Baba Neema amka, hiyo kitu yako inanguruma." Nikasema ni gari la kusafisha theluji. "Gari gani limesimama sehemu moja lisaa lizima?" Nikasikiliza. Kweli, ile sauti ya fyuu fyuu niliyoizoea imegeuka kuwa mngurumo mzito, kama lori linalopanda mlima na gia ndogo. Nikaenda kwenye kioo, wati 85. Kasi ya upepo inasoma 0.0, na dirishani naona misonobari inainama! Vile vikombe vidogo vya kupimia upepo navyo vilikuwa vimeganda, havizunguki, kwaiyo kontrola inaamini nje hakuna upepo kabisa. Nikabonyeza breki, nikavaa, nikatoka na tochi.

Nilivyolaza mnara ndo nikaona. Niliyokuwa nayaona kila siku kwenye mitambo ya kazini kwa mbali, kwenye panga la mita 60, hapa nimeyashika mkononi. Ukingo wa mbele wa panga, ule unaokata hewa, umeota barafu nyeupe yenye meno meno, yote yameelekea kule panga linakokwenda, kama kishungi cha jogoo. Nikachukua rula ya Neema ya shule. Karibu na kitovu hakuna kitu, unapangusa kwa kidole. Katikati milimita 5. Nchani milimita 18. Na ukipitisha kiganja ni msasa, msasa kabisa ule mkavu wa mbao.

Hapa nisimame kidogo kwa sababu nyumbani watu wananiuliza, barafu milimita 18 ndo ikuangushe kutoka 440 mpaka 85? Ni nzito kiasi gani hiyo? Jamani uzito sio hoja, hapo ndo wengi tunapokosea. Panga la upepo halisukumwi kama tanga la ngalawa pale upepo ukiwa nyuma, panga linafanya kazi kama bawa la ndege, hewa inatakiwa ipite juu na chini yake imelishikilia vizuri mpaka mwisho, hapo ndo linapata ile nguvu ya kunyanyua ambayo inageuka kuwa mzunguko. Ulichonunua kwa pesa yako yote ile ni umbo tu, umbo na ulaini wa ngozi. Barafu ikikaa pale mbele inaharibu umbo, hewa inaachana na panga mapema, nguvu ya kunyanyua inashuka na ile ya kurudisha nyuma inapanda. Kwenye ndege wanafundishwa kabisa kwamba barafu nyembamba yenye ukwaru kama wa msasa tu inaweza kupunguza nguvu ya kunyanyua kwa asilimia 30 na kuongeza ukinzani kwa asilimia 40. Msasa tu! Sasa mimi nina kishungi cha jogoo.

Na kwa nini nchani ndo kuna mengi? Kwa sababu ncha ndo inakimbia. Mtambo wangu huu mdogo upepo ukiwa mita 8 ncha inakimbia kama kilomita 180 kwa saa, ile mikubwa ya kazini inakwenda mpaka 290 na zaidi. Kila mzunguko ncha inafagia hewa nyingi kuliko shina, na ndani ya ule ukungu kuna matone madogo ya maji ambayo yamepoa chini ya sifuri ila hayajaganda, yanasubiri kugusa kitu tu. Panga linayapiga, yanaganda palepale, na kwa sababu yanaganda haraka yanafungia hewa ndani ndo maana rangi inakuwa nyeupe. Na kitu chembamba kinakamata matone mengi kuliko kinene, tone likiona ukuta mpana linabebwa na hewa linazunguka pembeni, likikuta waya mwembamba halina muda wa kukwepa. Kwaiyo hii mitambo midogo yenye mapanga membamba inateseka kuliko mikubwa, na hakuna muuzaji anayekwambia hilo. Alafu ncha ndo sehemu inayozalisha zaidi. Barafu imechagua kukaa palepale kwenye duka la dhahabu.

Kuna na ile barafu ya aina nyingine, ya kioo, hiyo inakuja nyuzi zikiwa karibu na sifuri na mvua inanyesha huku vitu vimeganda, maji yanatambaa kwanza alafu ndo yanakuwa barafu, ngumu, haina rangi, unaweza usiione kabisa mpaka uguse. Hiyo ni nzito zaidi na haitoki kwa kugonga.

Sasa rangi. Majira ya kwanza nilipaka mapanga yote matatu, nimefuata maelekezo yote, nimesafisha kwa spiriti, mikono miwili ya rangi, siku mbili kukauka ndani ya banda la moto. Maji kweli hayakai, ukimwaga yanakimbia kama kwenye jani la myugwa, nilimuita Neema akaja kucheza na matone. Lakini maji ya bombani na yale matone ya ukungu hayana undugu. Yale yanaganda kabla hayajapata nafasi ya kuteleza. Matokeo ndo hayo niliyowaambia, wati 85, milimita 18. Niliwaandikia wauzaji nikaambatanisha picha na rula, wakajibu baada ya siku sita wakiuliza kama mapanga yalikuwa safi wakati wa kupaka. Nikajibu yalikuwa safi. Wakauliza kama nilitikisa kopo. Nikaacha.

Majira ya pili nikafanya utundu. Nikapiga msasa mapanga mawili nikaondoa rangi, nikayasawazisha kwa mizani ya jikoni ili yasipishane uzito, nikaacha moja na rangi mpya. Nilitaka nione kwa macho yangu. Na hapa nisiwe muongo, rangi sio bure kabisa. Barafu ikishaota inaota sawasawa kwenye mapanga yote, hapo hakuna tofauti, nimepima mara nne. Ila siku joto likipanda likagusa sifuri, lile panga lenye rangi linaachia barafu mapema, linavua koti kama mtu aliyeingia ndani, na yale mawili bado yamevaa. Nikafurahi dakika mbili. Alafu mnara ukaanza kucheza.

Maana fikiria, panga moja jepesi mawili mazito, mzunguko wa mia tatu na kitu kwa dakika. Ilikuwa Jumapili, tupo mezani, chai kwenye kikombe inapiga viduara vidogo vidogo kama kuna treni inapita. Nikakimbilia breki. Breki ya hii kitu ni swichi inayounganisha waya tatu za jenereta kwa pamoja, mtambo unakuwa mzito unajizuia wenyewe, upepo wa kawaida inafanya kazi vizuri sana, siku ile ilihangaika sekunde kama ishirini hivi mnara mzima unatetemeka, mimi nimeshika swichi utadhani nikiiminya zaidi itasaidia. Ikasimama. Wakati inasimama vipande vikaruka.

Kesho yake asubuhi mzee jirani kaja na ndoo. Ndani ya ndoo kuna kipande cha barafu kirefu kama kiganja, upande mmoja kimepinda umbo la panga langu kabisa, ungeweza kukirudisha kikae. Akakiweka juu ya ngazi ya mlango akasema, "Nadhani hiki ni chako." Kimetua kwenye paa la banda lake la kuni. Nilijisikia aibu bana, mzee wa watu kanisaidia kusimamisha mnara. Nikapima kwa hatua, mita 20 kutoka mnara mpaka banda. Na kazini tunayo hesabu ya haraka tunayoitumia kila siku, unajumlisha kipenyo cha mapanga na kimo cha mnara unazidisha mara moja na nusu, hapo ndo barafu inaweza kufika. Kwangu 3 na 12, mara moja na nusu, mita 22 na nusu. Ule mkubwa wenye kipenyo cha mita 126 na mnara wa 137 inakuja karibu mita 395, ndo maana barabara za kuingia kwenye mashamba ya upepo huku zina vibao vya kuonya wakati wa baridi na sisi wenyewe tunasimamisha mtambo kwanza ndo tunasogea. Nilikuwa naijua hesabu hiyo kwa kichwa na nikasimika mnara mita 20 kutoka banda la mtu. Sijui nilikuwa nawaza nini. Kijitabu cha mtambo hakina hata mstari mmoja kuhusu barafu kuruka, hapo nawapa sifuri bila huruma, ila na mimi nijipe sifuri yangu.

Watu huniuliza sasa hao wakubwa wanafanyaje. Wakubwa wanapasha moto. Kampuni ya Enercon ya Ujerumani inaweka heta na feni ndani ya shina la panga, hewa ya moto inatembea ndani mpaka mbele na kurudi. Wengine kama Nordex wanabandika mikeka ya nyuzi za kaboni kwenye ukingo wa mbele, unapitisha umeme, panga linapata joto palepale panapohitajika. Wafini ndo wazee wa mambo haya, taasisi yao ya VTT ilikuwa inahangaika na kupasha mapanga tangu miaka ya 1990 kule Lapland, kaskazini ya Finland, mlima Pyhätunturi. Kila njia ina kero yake, na hii naongea kama mtu wa ndani. Hewa ya moto ni rahisi kutengeneza kwa sababu heta ipo shinani unaifikia kwa miguu, ila faibaglasi haipitishi joto vizuri na panga ni refu, mpaka joto lifike nchani ambako ndo kuna kazi limeshachoka. Mkeka wa kaboni unapasha pale pale lakini upo nje, radi inaupenda, na ukiharibika unaning'inia kwenye kamba na droni inakuangalia, na huwezi kufanya hiyo kazi hasi 15 gundi haikauki, unasubiri Mei. Lakini vyote viwili vinafanya kazi. Joto ndo dawa. Rangi ni manukato.

Kuna na njia ya helikopta. Mwaka 2021 ule mwezi wa pili Texas walivyopata baridi kali umeme ukakatika, shemeji yangu anaishi Houston, walilala na makoti siku tatu, akanitumia ile picha maarufu ya helikopta inamwagia mtambo maji, na ujumbe "ona vitu vyenu vya kijani". Nikamwambia shemeji, hiyo picha sio ya Texas, hiyo ni ya huku kwetu Sweden na ni ya miaka kadhaa nyuma, walikuwa wanajaribu kuyeyusha kwa maji ya moto. Na huko kwenu mitambo ya upepo iliganda kweli maana mingi haikuwa na vifaa vya baridi, lakini kilichozimika zaidi kuliko vyote ni mitambo ya gesi, visima na mabomba yaliganda. Hakujibu, akatuma emoji ya mikono.

Ila tuseme ukweli hasara ya barafu sio stori ya mtandaoni. Kuna madaraja wanayotumia wataalamu wa nchi za baridi kupanga maeneo kwa ukali wa barafu, daraja la kwanza mpaka la tano. La tatu unategemea kupoteza asilimia 3 mpaka 12 ya umeme wa mwaka mzima, la nne 10 mpaka 25, la tano zaidi ya 20. Hapo ni bila kupasha. Na mtambo mkubwa nao unadanganyika, kompyuta yake inapindisha mapanga kwa kufuata umbo lililo kwenye hesabu, sasa umbo limebadilika, inaweka panga kwenye pembe ambayo kwa panga safi ni sahihi na kwa lenye barafu hewa inaachia kabisa. Siku hizi kuna programu zinagundua kwamba umeme umepungua kuliko upepo ulivyo, zinarekebisha pembe kidogo mtambo unaendelea kuzunguka kwa kuchechemea badala ya kuzima. Mimi mapanga yangu yamefungwa kwa boliti, pembe ni ileile toka kiwandani, hiyo anasa sina.

Kwaiyo nikaiba akili moja ya kazini, na hii ndo sababu ya mimi kuandika leo, maana imebadilisha kila kitu na haikugharimu hata krona. Panga lililosimama halioti barafu kama linalozunguka. Lile linalozunguka linakwenda kuyatafuta matone kwa kilomita 180 kwa saa, lililosimama linasubiri yaletwe na upepo tu. Kuna wenye mashamba ya upepo wanasimamisha mitambo makusudi kabla ukungu haujafika, wanapoteza masaa machache, ukungu ukipita wanawasha mapanga yakiwa karibu safi, badala ya kuzalisha kidogo alafu kukaa siku nne na barafu. Mimi sasa kila jioni naangalia utabiri, nikiona kati ya sifuri na hasi 8, na mawingu ya chini au ukungu, nashusha breki kabla ya kulala. Ikiwa hasi 20 anga safi nauacha, hewa hiyo ni kavu haina cha kugandisha, na hizo ndo siku tamu. Januari hii mtambo umenipa karibu mara mbili ya Januari iliyopita, na nilikuwa nimeuzima usiku tisa. Mama Neema analala. Vile vikombe vya upepo nimevifungia kibalbu kidogo cha gari chini yake kinavipa joto, haviwi tena 0.0 wakati miti inalia.

Mambo ambayo msijaribu: maji ya moto kwa ndoo (yanashuka, yanaganda kwenye boliti za kitovu, nilikaa saa zima na hita ya nywele ya mke wangu), kugonga kwa ufito (nimetoboa ngozi ya panga, sasa kuna kiraka), na chumvi, sitaki hata kuelezea.

Ndugu wa Makete mnaoniuliza inbox kama huko juu Kitulo sakitu (ile barafu nyembamba ya usiku kwenye majani) italeta shida hii: hapana, tulieni. Sakitu yetu inaanguka usiku ule mtulivu anga safi, upepo hamna, mtambo wenyewe umelala, na saa tatu asubuhi jua limeshaila. Inaua viazi sio mapanga. Mnachotakiwa kuogopa ni vumbi na wadudu, navyo vinakaa ukingo uleule wa mbele na vinaleta ukwaru uleule, tofauti vumbi unaliosha kwa sabuni. Na kule Kenya karibu na Ziwa Turkana, penye mitambo 365 kwenye jangwa, barafu hawaijui kabisa, wana mchanga.

Maksi zangu basi. Mtambo wenyewe kwa mtu wa sehemu ya joto ningempa nne kati ya tano, jenereta nzuri, winchi nzuri, kelele kidogo. Kwa mtu wa huku kaskazini mbili na nusu, na hizo ni kama uko tayari kuwa mlinzi wake wa usiku. Wangeandika kwenye boksi "mnara usiwe karibu na nyumba ya mtu chini ya mita 25 sehemu za baridi" ningeongeza nusu. Mimi wa kwangu mwezi wa tano nahamisha msingi, mzee jirani ameshachora mahali pa kuchimba, kwa kamba na vijiti, kwenye kiwanja chake upande wa mbali na banda, hajaniuliza hata kama nataka.

Rangi kwa ajili ya mapanga, moja. Kopo lilikuwa limebaki robo, nikapaka koleo la kutolea theluji. Theluji mbichi ile ya kunata sasa inateleza yote kwa mkupuo mmoja, njia ya gari namaliza dakika kumi na mgongo hauniumi. Kwa koleo naipa nne.